Mkasi Uliofungiwa Kabatini

Kwa miaka kumi na tisa, hakuna kitambaa kilichofika kwenye cherehani katika karakana ile ya ghorofani bila kupita kwanza mikononi mwa Sentimita. Jina hilo si la kuzaliwa. Alipewa na mafundi wenzake katika mwaka wake wa pili wa kazi, siku alipomrudishia muuza vitambaa fimbo yake ya kupimia na kumwambia kwa upole kwamba imepungua sentimita moja. Muuza vitambaa alibisha mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Fimbo ikapimwa, ikakutwa imepungua sentimita moja kamili, na tangu hapo jina likamganda.

Kazi yake ilikuwa kukata. Wasioujua ushonaji hudhani fundi ni yule tu anayekanyaga cherehani, lakini mafundi wenyewe wanajua roho ya kazi iko wapi. Mshonaji akikosea, anafumua na kuanza upya. Mkataji akikosea, amekosea. Kwa hiyo meza ya kukatia, ndefu karibu sawa na chumba chenyewe, ilikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa na mkasi wake mwenyewe: mzito, wa chuma cheusi, mpini umezungushiwa utepe mahali kidole gumba kinapokaa. Aliunoa mwenyewe kila Jumatatu asubuhi. Hakuukopesha. Mtu akimwomba akatie karatasi, alimtazama tu, na mtu huyo akakumbuka kwamba ana kazi nyingine.

Halafu akaugua.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Kwanza usingizi ulimkimbia, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha redio ya duka la vipuri vya baiskeli, lililokuwa chini ya karakana, ikaanza kumtaja. Ndivyo alivyosikia, na hakuna maneno ya mtu yeyote ambayo yangemfanya asisikie. Mchana mmoja aliuweka mkasi mezani, umefungwa, mpini ukielekea kwake kama kawaida yake, akavua viatu, akashuka ngazi, akamuuliza mwenye duka, bila ugomvi, kwa nini anampelekea mtangazaji habari zake. Kaka yake akaitwa. Wodini alikaa miezi miwili. Mwezi wa tatu alipumzika katika chumba chake cha kupanga, akimeza vidonge asubuhi na jioni, mpaka redio zikarudi kuwa redio.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na hayana nyongeza. Yaliyosimuliwa ni mengine. Ilisemwa alishuka ngazi na mkasi mkononi. Ilisemwa alimkimbiza mwenye duka mtaa mzima. Mwenye duka mwenyewe, ambaye siku ile alimpa kiti na glasi ya maji, alianza kwa kukanusha. Baadaye, alipoona wasikilizaji wanaongezeka, naye akaanza kutia chumvi kidogo, akisema aliponea chupuchupu.

Aliporudi kazini alikuta stuli karibu na dirisha, na juu ya stuli kopo la vifungo. Mezani kwake amesimama mtu mwingine, shemeji wa Bosi mwenye karakana, mwanamume wa makamo aliyeitwa Chapuchapu kwa sababu hakuna jambo alilolifanya taratibu, hata lile lililotaka taratibu.

"Karibu sana, dada," alisema Bosi, akisimama mbali kidogo, kama anayeongea na mtu aliye upande wa pili wa barabara. "Tumekuwekea kazi nyepesi. Vifungo tu. Pumzisha akili."

"Akili yangu imepumzika miezi mitatu. Mkasi wangu uko wapi?"

"Uko kabatini, ofisini kwangu. Usiwe na wasiwasi, uko salama."

"Salama na nini?"

Bosi akakumbuka kwamba simu yake inaita. Haikuwa inaita.

Kushona vifungo kunataka kukata uzi. Kwa kazi hiyo walimpa kimkasi chekundu cha plastiki, ncha zake za mviringo, kile wanachopewa watoto wa chekechea kukatia picha. Kilikuwa hakikati uzi, kilikuwa kinautafuna. Sentimita alikaa nacho mkononi asubuhi ile yote, mwanamke wa miaka arobaini na saba, aliyewakatia suti mabwana harusi wasio na idadi, na alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Lakini alijua kwamba akikitupa, hata kama ni ndani ya pipa la taka, hata kama ni polepole, atakuwa amewapa hadithi nyingine. Basi akakiweka kando na kukata uzi kwa meno.

Hilo alijifunza upesi: kwamba hana tena ruhusa ya kuwa na siku mbaya. Wengine wote wanayo. Fundi wa kola alipopiga ngumi cherehani yake kwa sababu uzi umekatika mara tano, walisema ameamka upande mbaya. Bosi alipofoka kwenye simu mpaka mate yakamruka, walisema mambo ya nyumbani hayo. Yeye akinyamaza, wanatazamana. Akicheka, wanatazamana zaidi. Akiomba dirisha lifungwe kwa sababu ya vumbi, sauti inatoka mahali fulani, laini, imepakwa huruma: "Umemeza dawa leo, mama?" Aliulizwa hivyo na watu wasiojua hata dawa yenyewe ni ya rangi gani. Na alikopanga hali ilikuwa ileile. Mama mwenye nyumba alivihamishia visu vya jikoni chumbani kwake mwenyewe, na wapangaji wenzake wakaanza kumsalimia kwa sauti ya juu na maneno machache, kama wanaomsalimia mgeni asiyejua lugha.

Rafiki alikuwa mmoja, Mama Pasi, mpiga pasi wa karakana, mwanamke mnene mwenye mzaha mwingi. Kwa miaka kumi na mitano walikuwa wanakula pamoja chakula cha mchana kwenye benchi nyuma ya meza ya pasi. Yeye hakuuliza habari za dawa. Siku ya kwanza alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Umepungua, mwenzangu. Huko hospitali wanapika nini, maji?" Sentimita akacheka, na hakujali nani anatazamana na nani.

Jumatatu ya wiki ya pili ikaja kazi ya kwaya: majoho arobaini ya mahameli, rangi ya zambarau iliyokolea.

Mahameli si kitambaa cha kukurupukia. Kina vinyweleo, na vinyweleo hivyo vimelala upande mmoja, kama manyoya ya paka. Ukipitisha kiganja kwa upande wao, ni laini. Ukipitisha kinyume, kinakataa. Jicho nalo linaona hivyo hivyo. Vinyweleo vikielekea chini, kitambaa kinang'aa na kuonekana chepesi. Vikielekea juu, kinameza mwanga na kuwa kama cheusi. Ndiyo maana mkataji anayekijua anatandaza tabaka la kwanza mpaka mwisho wa meza, anakata, anabeba kitambaa kilichobaki mpaka mwanzo, anatandaza tena kwa upande uleule. Ni kazi ya kutembea. Kwa majoho arobaini, kwenye meza ile, jioni miguu inawaka moto.

Chapuchapu hakutembea. Alifika mwisho wa meza, akakikunja kitambaa, akarudi nacho. Alipofika mwanzo akakikunja tena, akaenda nacho. Tabaka moja vinyweleo vikaelekea dirishani, la pili vikaelekea mlangoni, la tatu dirishani.

Sentimita aliyaona hayo kutoka kwenye stuli yake. Alingoja mikunjo mitatu, akidhani labda mtu huyu anakipima tu. Mkunjo wa nne ukamshinda.

"Kaka, simama kwanza."

Chapuchapu hakusimama.

"Ukikunja hivyo, majoho yatatoka rangi mbili."

Cherehani moja ikanyamaza. Kisha ya pili. Kisha zote.

"Rangi ngapi?" Chapuchapu aliuliza, akiwageukia wenzake na tabasamu la mtu aliyepata bahati.

"Mbili. Nusu yatakuwa mepesi, nusu meusi."

"Mama, hiki ni kitambaa kimoja. Nimekitoa mwenyewe kwenye nailoni yake. Mimi naona zambarau. Jamani, nyie mnaona rangi gani?"

"Zambarau," wakaitika wawili watatu, bila kuinua macho.

"Mnaona zambarau kwa sababu mnaona tabaka la juu tu," alisema Sentimita, na sauti yake ikapanda, kama ambavyo sauti ya mtu yeyote hupanda anapoona kazi inaharibiwa mbele yake. "Shika. Pitisha mkono. Mtu mmoja tu apitishe mkono."

Akasimama, akaenda kwenye meza awaonyeshe. Hapo ndipo fundi wa kola alipouvuta mkasi wa Chapuchapu na kuuficha nyuma ya mgongo wake. Chapuchapu mwenyewe akarudi hatua mbili. Bosi akatoka ofisini, akaambiwa, akakitazama kitambaa kutoka mlangoni, akaona zambarau, akamtazama Sentimita, na kwa sauti ileile ya kumbembeleza mtoto mwenye homa akasema, "Dada, umemeza dawa leo?"

Kitambaa kilikuwa pale, kimetandazwa, hatua mbili kutoka kwa kila mmoja wao. Walikuwemo mafundi wanane, watu wa vitambaa, ambao mikono yao imeshika mahameli maishani mwao zaidi ya mara moja. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole. Wote walikuwa wanautazama uso wake. Mama Pasi alisimama na pasi mkononi, akiitazama sakafu.

Kabla hajaondoka mezani Sentimita aliokota kipande cha ukingo kilichoanguka chini, akakitia mfukoni.

Kaka yake alifika baada ya nusu saa. Alikuwa karani wa ghala, mtu mpole, na alikuwa amekuja mbio kutoka kazini kwake. Begani alibeba mkoba.

"Mdogo wangu," alisema, akimshika kiwiko, "twende tu tukaonane na daktari. Ni dakika mbili."

"Dakika mbili na mkoba wa nguo?"

Kaka akautazama ule mkoba kama mtu aliyetundikiwa na mwingine.

Sentimita alikwenda. Alikwenda kwa sababu alijua kukataa kungeandikwa kwenye faili kama dalili. Walikaa kwenye benchi la kliniki saa nzima na ushei, mkoba katikati yao, mpaka walipoitwa na muuguzi wa zamu, mwanamume wa makamo ambaye miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Walijuana tangu wodini.

"Imerudi," alisema kaka kabla hata hajakaa. "Anaona kitambaa kimoja kina rangi mbili."

Muuguzi akaanza kuandika. Kisha kalamu ikasimama.

"Kitambaa gani?"

Maneno mawili tu. Asubuhi nzima hakuna aliyekuwa ameyatamka, si Bosi, si mafundi, si kaka wa damu. Sentimita akajibu.

"Mahameli."

Akakitoa kile kipande mfukoni, akakilaza juu ya faili lake. "Una mkasi?"

Muuguzi akavuta droo, akautoa mkasi wa kukatia bandeji, akampa, mpini mbele, kama mtu anavyompa mtu mkasi. Kaka akainuka nusu kutoka kwenye kiti, akabaki hapo hapo katikati, hajui akae au asimame. Sentimita akakata kipande katikati kwa mkato mmoja, akavilaza vipande viwili sambamba. Kisha akakigeuza kimoja, juu kikawa chini.

Kimoja cha zambarau. Kingine karibu cheusi.

Muuguzi akavaa miwani. Akakigeuza mwenyewe, akakirudisha, akakigeuza tena, kama mtoto aliyepata swichi ya taa.

"Sasa wewe," alimwambia kaka, "unaona rangi ngapi?"

Masikio ya kaka yalikuwa yamewiva.

"Dada yako anatibiwa, anameza dawa zake, na leo hana tatizo. Hii ni kazi yake, anaijua. Mnataka nimpe dawa ya kutoijua?"

Njiani kaka alibeba mkoba mkono wa pili, ule wa mbali, kana kwamba hivyo hautaonekana. "Waliniambia unapiga kelele," alisema mwishowe.

"Nilipiga. Na wewe ungepiga."

"Nilipopokea simu nilikumbuka siku ile nilipokuacha wodini na mlango ukafungwa nyuma yangu. Sikufikiri kitu kingine, mdogo wangu. Miguu ilikimbia yenyewe."

"Miguu ilikimbia, lakini mkono ulipata muda wa kupanga nguo."

Alijua kaka anampenda. Alijua pia kwamba mapenzi hayo, siku ile, yangemrudisha kwenye kitanda cha chuma kwa kosa la kuijua mahameli. Hakuwa tayari kumsamehe kabla hawajafika hata kona ya kwanza, na hakumsamehe.

Jioni Bosi alipiga simu, akaongea na kaka, si na yeye. Alisema hana ubaya na mtu, lakini kabla dada hajakanyaga tena karakana alete barua ya daktari inayosema anaweza kufanya kazi. "Ni kwa usalama wa wote," alisema. Barua ilichukua siku mbili za kukaa benchi.

Siku ya tatu saa nne asubuhi mlango wa chumba chake uligongwa. Alikuwa Mama Pasi, na aproni yake ya kazi bado kiunoni, anahema kwa ngazi.

"Nimeacha pasi ikiwa imewashwa," alisema. "Hapana, nimeizima. Nadhani nimeizima." Akakaa kitandani bila kukaribishwa. "Nimeyapiga pasi yote arobaini, nikayatundika kwenye reli. Moja moja yalikuwa yanapendeza tu. Nilipomaliza nikarudi nyuma niyatazame. Ni rangi mbili, mwenzangu. Moja hivi, moja vile. Kama meno ya mtu aliyepoteza nusu."

Sentimita alikuwa anakunja nguo zilizotoka kwenye ule mkoba. Aliendelea kukunja.

"Hufurahi?"

"Nifurahi nini? Nilijua tangu Jumatatu."

"Nilitaka kukwambia mimi nilikuamini. Ndani ya moyo."

"Ndani ya moyo wako mimi ningejuaje?" Akaiweka blauzi chini. "Miaka kumi na mitano tunakula sahani moja. Nilisema mtu mmoja apitishe mkono. Sikuhitaji uniamini. Nilihitaji upitishe mkono."

Mama Pasi alifuta uso kwa aproni. "Niliogopa," alisema. "Nikajiambia, nikisema kitu nitamzidishia. Uongo. Niliogopa nisionekane na mimi niko upande huo."

"Upande gani?"

"Wako."

Hilo angalau lilikuwa kweli, na Sentimita alilipokea kama kweli.

"Sasa unataka tufanye nini?" aliuliza Mama Pasi.

"Nina barua. Kesho naipeleka. Kwenye vifungo sirudi, hata Bosi anitandikie zulia. Nitarudi kwenye meza yangu na mkasi wangu, au sirudi kabisa. Hilo uwaambie."

Kesho yake alipopanda ngazi alimkuta mwalimu wa kwaya mbele ya reli, kidole kidevuni, majoho arobaini yamepangwa mbele yake. Bosi alikuwa pembeni, anasugua viganja.

"Mbona kama yanatofautiana?" alikuwa anauliza mwalimu wa kwaya.

"Ahaa, umeona." Bosi akacheka. "Ni rangi mbili hizo, mwalimu. Tumefanya makusudi. Sauti za juu wavae haya mepesi, sauti za chini wavae haya yaliyokolea. Mkisimama jukwaani, safu zinajitenga zenyewe. Huo ndio utaalamu."

Mwalimu wa kwaya alirudi nyuma, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia, akaanza kupendezwa.

Sentimita alisimama mlangoni na barua mkononi. Rangi mbili. Aliposema yeye, ilikuwa mkoba wa nguo na benchi la kliniki. Anasema Bosi, ni utaalamu. Mafundi wote walisikia, na safari hii hawakuweza kutazamana. Kila mmoja aliinamia cherehani yake kana kwamba sindano imeingia ndani ya mashine. Alingoja mpaka mteja akashuka ngazi, kwa sababu hakuwa mtu wa kuharibu kazi ya karakana mbele ya mgeni, kisha akaiweka barua mezani.

Bosi akaisoma mara mbili. "Inasema uko vizuri. Sawasawa kabisa."

"Sasa humu ndani ni mimi peke yangu mwenye karatasi ya daktari. Zenu ziko wapi? Ya kwako, Bosi, iko wapi?"

Kicheko kidogo kikatoka nyuma ya cherehani fulani, kikamezwa haraka.

"Tusifukue ya nyuma, dada. Ulikuwa sahihi, nakubali. Umethibitisha."

"Na ningekuwa nimekosea?"

"Vipi?"

"Ningekosea. Kama mtu. Huyu hapa amekosea majoho arobaini. Nani amemuuliza amemeza nini asubuhi? Nani amempigia simu kaka yake?"

Chapuchapu alikuwa ameshika chaki, anaizungusha vidoleni. "Hakuna," alisema kwa sauti ya chini. Kisha, bila mtu kumuuliza, "Sijawahi kukata mahameli, dada. Niliona aibu kusema."

"Ungesema ningekufundisha. Nilikuwa nimekaa pale dirishani, sina kazi."

Bosi aliona mambo yanakwenda pabaya, akaingia ofisini, akafungua kabati, akarudi na mkasi. Mkono wa pili alikuwa na daftari jipya na kalamu. Akavipanga vyote mezani kwa uangalifu.

"Mkasi wako huu. Utakaa mezani kwako, kama zamani. Ila utakuwa unauchukua kwangu asubuhi, unasaini hapa. Jioni unaurudisha, unasaini hapa. Utaratibu tu."

"Utaratibu wa nani?"

"Wa mkasi."

"Chapuchapu alisaini wapi?"

Daftari lilikuwa jeupe. Hakukuwa na ukurasa wa kuonyesha. Sentimita alijua kwamba akisaini leo atasaini mpaka siku atakayostaafu, na kila saini itasema jambo lilelile. Akautazama mkasi wake, karibu kiasi cha kuushika, akaurudisha mkono nyuma.

"Sisaini."

Kimya kilekile cha Jumatatu kikaanguka. Alikitambua. Aligeuka kuelekea mlangoni.

"Bosi," alisema Mama Pasi, "niandike na mimi."

Alikuja na pasi mkononi, waya ukiburuzika nyuma yake, akaitua juu ya meza karibu na daftari. "Pasi moja. Ya moto. Ikimkuta mtu kichwani, huyo haamki. Andika, nisaini."

"Mama Pasi, acha mzaha."

"Mzaha uko wapi? Ni kwa usalama wa wote."

Fundi wa kola, yuleyule aliyeuficha mkasi nyuma ya mgongo, alikuwa wa pili kusimama. Uso wake ulikuwa mgumu kwa aibu. Akamwaga kijaluba chake cha sindano mezani. "Hizi ni kumi na mbili. Ziandikwe moja moja. Hii ya pili ina kutu, hiyo ni hatari zaidi." Fundi wa mifuko akaleta kifumulio chake. Fundi wa zipu akaleta koleo na nyundo, akaomba viandikwe mistari tofauti. Wakapanga foleni kweli, mikono imejaa, na chumba hakikuwa na cherehani hata moja inayozunguka. Wa mwisho alikuwa Chapuchapu. "Mimi nina mkasi mwingine," alisema. "Nao haujaandikwa."

Bosi aliandika pasi. Akaandika sindano nne. Kwenye ya tano akaandika, akakata, akaandika tena.

"Umeruka yenye kutu," alisema fundi wa kola.

Bosi akalifunga daftari, akaliweka kwapani, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Sentimita akautwaa mkasi. Akafungua makali, akapitisha ncha ya kidole, akakuta mapengo mawili: mtu alikuwa ameukatia kadibodi. Taya lilimcheza.

"Tabasamu basi hata kidogo," Mama Pasi alimnong'oneza. "Tumeshinda."

"Sitabasamu. Mkasi ulikuwa wangu tangu mwanzo."

"Na sisi hatuna hata ahsante?"

"Nyie mnayo. Wewe nitakupa ukishaniomba radhi vizuri, umekaa chini, hujavaa aproni." Akamtazama fundi wa kola, aliyekuwa anakusanya sindano zake moja moja. "Na wewe pia. Leo ahsante. Ya Jumatatu bado tunadaiana."

"Sawa, dada," alisema fundi wa kola. "Nakuja mwenyewe."

Stuli ya dirishani ilikuwa bado ipo, na kopo lake. Hakuna aliyeamriwa kukaa pale. Kwenye meza kulikuwa na kitambaa kipya cha pamba, cheupe, cha sare za wauguzi, bado kimefungwa. Watu wote walikuwa wamesimama, mikono mitupu, wanamwangalia yeye afanye nini.

"Mnanitazama nini?" alisema Sentimita. "Mmoja ashike huku mwisho. Wengine kaeni mashine."

Chapuchapu akashika mwisho.